Je, Wajua? Gari la Wagonjwa Hulipwa kwa Kusubiri

Gari la wagonjwa lililo tayari ni gari lisilofanya kitu. Limeegeshwa kivulini, tangi limejaa, mtungi wa oksijeni umepimwa, dereva anapuliza chai, muuguzi anahesabu glovu. Mhasibu wa halmashauri akipita hapo moyo unamuuma: mali ya umma imelala na mishahara inatembea. Simu ikilia ndipo anagundua kwamba thamani yote ya gari lile ni kule kulala kwake mahali pake. Zabuni ya kujenga vyoo vya shule, unajua unanunua nini. Zabuni ya magari ya wagonjwa unanunua kusubiri, na kusubiri hakuna anayependa kukutolea fedha. Hebu tuchungulie jinsi wenzetu walivyohangaika na jambo hili, kisha turudi nyumbani.

Hospitali inayotembea

Je, wajua kwamba ambulensi, neno ambalo Wakenya wamelizoea na Watanzania bado tunalizunguka kwa kusema "gari la wagonjwa", lina asili ya Kilatini yenye maana ya kutembea? Wafaransa waliita hospitali iliyofuatana na jeshi hospitali inayotembea. Miaka ya 1790 daktari wa jeshi lao, Dominique-Jean Larrey, akabuni vigari vyepesi vya farasi ili majeruhi watolewe mapigano yakiwa bado yanaendelea. Kabla yake walingoja bunduki zinyamaze. Hospitali ya Bellevue ya New York ilipoanzisha huduma yake mwaka 1869, gari lilibeba bandeji, mabanzi ya kufungia mifupa, na brandi.

Sisi tulikuwa na machela, neno tulilolipata kwa Wareno, na wanaume wanne wenye mabega. Hakuna aliyewalipa wale wanne kusubiri: walikuwa shambani kwao wakilima mpaka walipoitwa. Wakumbuke, tutawarudia.

Gari la jeneza asubuhi, la mgonjwa jioni

Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu vifo vya ajali, ambavyo mwaka uliotangulia vilikuwa 107,000. Ndani yake mna jambo la kushangaza: karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini humo zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa mazishi wapatao 12,000. Sababu ilikuwa nyepesi. Wao ndio waliokuwa na magari marefu ambamo mtu anaweza kulala.

Ukiliangalia kwa jicho la bajeti, utaratibu huo haukuwa wa kijinga. Biashara ya maziko ilikuwa imeshalipia gari, dereva na saa zake za kukaa bure, kwa hiyo jiji halikuhitaji mkataba mnene. Mkorofi tu ndiye angeuliza dereva wa namna hiyo ana haraka gani. Ripoti iliuliza kwa adabu zaidi, na katika miaka ya 1970, sheria zilipoanza kudai wahudumu waliosomea kazi, wengi wa wafanyabiashara hao waliiacha.

Vijana wa Hill District

Je, wajua kwamba huduma iliyowafundisha Wamarekani kazi hii ilikuwa ya watu weusi wa mtaa maskini, na kwamba iliuawa kwa kalamu ya jiji?

Mji ni Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Miaka ya 1960 ukianguka barabarani ulipiga simu polisi. Walikuja na karandinga, wakakulaza nyuma juu ya machela, wakaketi mbele wote wawili, nawe ukabaki huko peke yako na Mungu wako mpaka hospitali. Huko Hill District, mtaa wa kilimani uliojaa watu weusi, hata hilo karandinga lilikuwa la kubahatisha. Novemba 1966 David Lawrence, aliyewahi kuwa meya wa mji huo na gavana wa jimbo, alianguka akiwa kwenye mkutano wa kampeni. Alipofikishwa hospitali ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda mrefu mno, na baada ya siku 17 alifariki. Daktari Peter Safar, aliyemhudumia, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa njia ya kumrudisha mtu kwa kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Mwaka huohuo alikuwa amempoteza binti yake kwa pumu. Safar hakuhitaji mtu wa kumweleza kwamba wagonjwa wanakufa njiani.

Mwaka 1967, akishirikiana na Phil Hallen wa mfuko wa hisani wa Falk na shirika la mtaani lililoitwa Freedom House, aliwakusanya vijana wa Hill District. Wengine hawakuwa na kazi, wengine walikuwa wametoka vita vya Vietnam, wengine hawakumaliza sekondari. Walifundishwa kwa saa zipatazo 300, wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hiyo dereva wa ambulensi alihitaji leseni ya udereva na basi. Mwaka wao wa kwanza barabarani waliitikia miito karibu 5,800. Huduma ilikuwa nzuri kiasi kwamba wakazi wa mitaa yenye nafasi walianza kuuliza kwa nini maskini wa kilimani wanahudumiwa vizuri kuliko wao.

Swali hilo lingeweza kujibiwa kwa kupanua mkataba. Badala yake malipo ya jiji yakawa ya kusuasua, na mwaka 1975 Meya Peter Flaherty akaanzisha huduma ya jiji zima chini ya jiji lenyewe. Oktoba mwaka huo Freedom House ikafungwa. Daktari Nancy Caroline, aliyekuwa msimamizi wake wa tiba, alipigania wafanyakazi wake waajiriwe na jiji. Waliajiriwa, kisha wengi wakasukumwa nje kwa mitihani ya ghafla na kushushwa vyeo. Mtaala aliouandika akiwa nao ndio uliochukuliwa na serikali ya taifa kuwa msingi wa kufundishia wahudumu wa dharura nchi nzima. Watu walewale ambao mtaala ulijaribiwa kwao walishindwa, eti, mitihani.

Gari 1, watu 8

Chukua kalamu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki kwa kila mfanyakazi. Gari linataka watu wawili, dereva na mhudumu. Zidisha, gawanya: watu 7 na nusu. Nusu mtu haajiriki, basi 8, na hapo hujawapa likizo yao ya siku 28, hujamhesabu anayeumwa wala aliyefiwa.

Niliwahi kupita hospitali moja ya wilaya, sitaitaja, yenye magari mawili na dereva mmoja. La kwanza lilikuwa safarini. La pili, lenye namba zinazoanza na SM za serikali za mitaa, lilikuwa juu ya mawe nyuma ya jiko, kuku wamejikinga jua chini yake. Ubavuni maandishi ya mfadhili yalikuwa bado yanang'aa. Nikamwambia dereva pole kwa msiba wa gari. Akacheka. "Hili halijafa, kaka. Linasubiri tairi nne na betri. Ombi liko mezani tangu mwaka wa fedha uliopita." Ndugu wa mgonjwa mmoja walikuwa wamesimama getini wakichangishana fedha za mafuta ya lile la kwanza, litakaporudi.

Nimehudhuria hafla kadhaa za kukabidhi magari ya wagonjwa. Sijawahi kumwona mheshimiwa akikata utepe wa tairi.

Dakika 8 na sekunde 59

Je, wajua zile dakika 8 zinazotajwa katika mikataba mingi ya huduma hii zilitoka wapi? Mwaka 1979 Mickey Eisenberg na wenzake walichapisha utafiti wao wa Kaunti ya King, ulipo mji wa Seattle, kuhusu watu waliosimama moyo. Aliyeanza kukandamizwa kifua ndani ya dakika 4 na kufikiwa na matibabu kamili ndani ya dakika 8 alikuwa na nafasi nzuri: asilimia 43 ya watu wa namna hiyo walipona. Utafiti ulihusu moyo uliosimama, basi. Waandishi wa mikataba wakazichukua dakika hizo 8 wakazivika wagonjwa wote, pamoja na aliyeteguka kifundo cha mguu.

Sharti lililoenea Marekani likawa hili: mkandarasi afike ndani ya dakika 8 na sekunde 59 kwa asilimia 90 ya miito, akishindwa alipe faini. Hizo sekunde 59 ni ufundi wa mwanasheria, kwamba dakika ya 8 ni ya 8 mpaka ya 9 ibishe hodi. Ila ugomvi wenyewe hauko mwishoni mwa saa, uko mwanzoni. Saa inaanza kuhesabu simu inapolia, inapopokelewa, gari linapopewa taarifa, au tairi linapoanza kuzunguka? Mkataba usiposema, kila upande unakuja mahakamani na saa yake.

Uingereza nako walikuwa na dakika 8 zao: asilimia 75 ya miito ya hatari kubwa ifikiwe ndani ya muda huo. Mwaka 2009 Gwyn Bevan na Richard Hamblin walichapisha michoro ya muda wa kufika katika huduma mbalimbali. Baadhi ilionyesha miito ikirundikana kuelekea dakika ya 8, kisha ukingo, kama mtu amekata keki kwa kisu. Wagonjwa hawaugui kwa mpangilio huo. Palikuwa na kalamu iliyosahihisha saa. Mwaka 2017 England ilikiacha kipimo hicho, na sasa kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi inadai wastani wa dakika 7.

Mzabuni wa bei ya chini

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huduma ya ambulensi ya London ilitaka kompyuta ya kupanga magari. Zabuni ikaenda kwa kundi la kampuni lililotaja bei chini ya pauni milioni 1, mamia ya maelfu ya pauni chini ya mshindani wa karibu. Kamati iliona tofauti hiyo ni neema. Mfumo uliwashwa 26 Oktoba 1992, na ndani ya saa chache kompyuta ilikuwa haijui gari lipi liko wapi. Magari mawili yalitumwa kwa mgonjwa mmoja na mwingine asipate hata moja, watu wakapiga simu mara ya pili na ya tatu, foleni ikaongezeka. Wakarudi nusu njia kwenye karatasi. 4 Novemba usiku wa manane mfumo ukazimika kabisa: mtunga programu alikuwa amesahau ndani yake kipande cha msimbo kilichokuwa kikila kumbukumbu ya mashine kidogokidogo kwa wiki tatu. Mkuu wa huduma alijiuzulu.

Kanuni ya bei ya chini haina ubaya ukinunua saruji ya daraja linalojulikana. Ukinunua utayari, aliyetaja bei ya chini mno mara nyingi ndiye ambaye hajaelewa anachouza.

Mkandarasi akianguka

Denmark wanamjua Falck kama sisi tunavyojua daladala. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1906 na Sophus Falck, na kwa miongo mingi ilibeba karibu wagonjwa wote wa nchi, ikivuta na magari yaliyoharibika njiani. Ada za wanachama wake zilisaidia kulipia kusubiri. Kisha mkoa wa Denmark Kusini ukatangaza zabuni, na kampuni ya Kiholanzi, BIOS, ikashinda. Ilianza kazi Septemba 2015. Ilikosa wahudumu wa kutosha, na Julai 2016 ikafilisika. Mkoa ukayachukua magari na watu, ukaanzisha huduma yake wenyewe. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani ya Denmark ikaamua kwamba Falck ilikuwa imeendesha kampeni ya chini kwa chini kuwavunja moyo wahudumu wasiende kwa mpinzani. Kumbe mzabuni aliyeshindwa anaweza kuendelea kushindana hata mkataba ukishasainiwa.

Mwanauchumi wa Oklahoma, Jack Stout, aliiona hatari ya namna hii mapema. Katika mtindo alioubuni, ambao mji wa Tulsa uliufuata kwa kuunda mamlaka yake mwaka 1977, mamlaka ya umma inashika magari na vifaa, au haki ya kuvichukua, na mkandarasi analeta watu na usimamizi. Akianguka, anaondoka na begi lake. Stout pia alitaka magari yasisubiri kituoni bali yatawanywe mitaani kufuata saa ambazo watu huugua, na mpaka leo wahudumu wanaokesha kwenye maegesho ya vituo vya mafuta hawamwombei dua.

India walipata mtihani mkali zaidi. Huduma ya ambulensi ya simu 108, namba takatifu kwa Wahindu, ilianzia Hyderabad Agosti 2005 kwa mkataba na serikali ya jimbo. Januari 2009 mwanzilishi wake, Ramalinga Raju, alikiri kupika hesabu za kampuni yake ya kompyuta, Satyam. Kampuni ya GVK ikaibeba huduma, na magari yakaendelea kutembea.

Kaunti 47

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya inazitaja ambulensi kwa jina? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kwa kaunti, na ibara ya 43 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, kila moja ilibidi ichague: kununua au kukodi. Kadhaa zilikodi kutoka E-Plus, kampuni ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Machakos, chini ya Gavana Alfred Mutua, ikanunua 70 kwa mpigo.

Kukodi kunamuuma mlipakodi, maana mkataba ukiisha hubaki hata na usukani. Hata hivyo, mimi nikilazimishwa kuchagua, ningekodi, mradi mkataba uhesabu wahudumu na mafuta pamoja na chuma. Gari la kukodi likiharibika, linamkosesha usingizi mwenye gari. La kaunti likiharibika, linamkosesha usingizi mgonjwa.

Lakini hakuna mkataba wa gari unaofungua mlango wa hospitali. Oktoba 2015 Wakenya walisoma habari za majeruhi wa ajali aliyekaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Gari lilikuwepo, wahudumu walikuwepo. Alifariki. Na kwa saa zote hizo 18, ambulensi ile haikuweza kumwendea mtu mwingine.

Mchomoko wa saa tisa usiku

Sasa turudi kwa wale wanaume wanne wa machela. Mwaka 2013, katika Sengerema na Shinyanga, Kanda ya Ziwa, ulianza kujaribiwa mpango ambao baadaye uliitwa m-mama, ukisaidiwa na wakfu wa Vodafone. Tatizo ulilolilenga lilikuwa limeshaelezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994: mzazi hucheleweshwa mara tatu, katika kuamua kwenda, katika kufika, na katika kuhudumiwa baada ya kufika. Mpango uliikamata ile ya pili.

Unapiga 115 bila malipo. Anapokea muuguzi katika kituo cha uratibu, anauliza maswali, programu inamwonyesha kilicho karibu. Gari la wagonjwa likiwepo, linatumwa. Lisipokuwepo, anaamshwa dereva wa jamii aliyeandikishwa na kuingia makubaliano, na ile Probox, mchomoko kama tunavyoiita, iliyokuwa imepakia nyanya na abiria wanane mchana, inakunjwa viti na kwenda kumchukua mjamzito. Akimfikisha na kituo cha afya kikathibitisha, fedha inaingia kwenye simu kwa M-Pesa. Mwaka 2022 Serikali ilikubali kuutandaza nchi nzima, na mpango umefika hata Lesotho na Kenya.

Angalia werevu wake. Halmashauri hailipii kusubiri hata dakika moja: wanailipia abiria wa mnadani na nyanya za gulioni, kama shamba lilivyokuwa likilipia mabega ya wale wanne. Hapohapo ndipo ulipo udhaifu wake. Mchomoko hauna oksijeni wala mhudumu, na 115 ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Fundi aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi hayumo, mwenye bodaboda aliyegongwa hayumo. Hao bado wanategemea lile gari la SM, na tairi zake nne.

Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi. Siku ya bajeti nenda ukasikilize, na diwani wako akitoka nje umuulize magari ya wagonjwa mangapi yana dereva saa nane usiku.